Ithibati ya Mafunzo ya Tiba Asili ya Mitishamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: anayetaka kujifunza tiba asili, mganga ambaye tayari ana wanafunzi nyumbani kwake, na kiongozi wa chama cha waganga anayefikiria kuanzisha chuo. Majibu yanaegemea zaidi hali ya Tanzania, na nchi nyingine za Afrika zimetajwa pale ambapo njia yao inatufundisha jambo.

## Misingi

1. Ithibati ni nini, na inatofautianaje na usajili?

Ithibati ni uamuzi wa chombo chenye mamlaka kwamba mafunzo fulani yanakidhi viwango vilivyowekwa, yaani mtaala wake, wakufunzi wake, mahali yanapofanyikia na namna wanafunzi wanavyopimwa. Kinachopewa ithibati ni mafunzo. Usajili wa mganga humhusu mtu, usajili wa kituo huhusu jengo na huduma zinazotolewa humo, na usajili wa dawa huhusu ile chupa au pakiti inayomfikia mgonjwa.

Mambo haya manne huchanganywa kila siku, na kuchanganya huko kunawagharimu watu. Mtu anamaliza kozi ya miezi mitatu, anatundika cheti ukutani, anaanza kuuza dawa ya unga kwenye vikopo, kisha anashangaa maofisa wanapomwambia kwamba yeye mwenyewe hajasajiliwa, duka lake halijasajiliwa na dawa yake haijawahi kupimwa. Huenda chuo chake kilikuwa kizuri na cheti chake ni halali kabisa, lakini cheti hicho kilijibu swali moja tu kati ya manne.

2. Je, sheria inanilazimisha kupita chuoni ili niwe mganga?

Hapana. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, ambayo ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, humtambua mganga wa tiba asili kwa kuanzia kwenye jamii anamoishi. Mtazamo huo una mizizi ya zamani: wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, katika ufafanuzi wao wa mwaka 1976, walimweleza mganga kuwa ni mtu anayetambuliwa na jamii yake kuwa ana uwezo wa kutibu kwa kutumia mimea, wanyama, madini na njia nyingine zinazotokana na utamaduni wake. Ndiyo maana maombi ya usajili huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa na kupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri kabla ya kufika kwenye Baraza.

3. Kama chuo si lazima, ithibati ina faida gani?

Kijijini, mganga hajulikani kwa bango. Watu wanamjua tangu enzi za babu yake, wanajua nani alipona mikononi mwake na nani alizidiwa, na akikosea habari inafika kisimani kabla ya jua kuchwa. Ushahidi huo wa majirani ndio uliokuwa ukaguzi wetu kwa vizazi vingi, nao ulikuwa mkali. Tatizo ni kwamba hausafiri. Mganga akihamia mjini, mgonjwa anayebisha hodi kwake hana mtu wa kumuuliza, na tapeli anayefungua chumba mtaa wa pili anaonekana sawasawa na yeye.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ithibati inapopata maana yake yote: inashika nafasi ya majirani pale ambapo majirani hawapo. Mafunzo yanayompuuza mzee anayejua mimea na kumtukuza mwenye karatasi yamepoteza njia, hata kama majengo yake yanang'aa.

4. Ni chombo gani chenye mamlaka ya kutoa ithibati?

Nchini Tanzania, vyuo vya kati na vya ufundi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililo chini ya Wizara ya Afya, ndilo lenye kauli kuhusu nani afanye kazi ya uganga. Kozi fupi inayotolewa na chama au na mtu binafsi inaweza kuwa na manufaa makubwa, lakini cheti chake hakiwi tuzo inayotambuliwa kitaifa mpaka kozi hiyo ipite kwenye chombo husika.

Ghana ilipitisha sheria yake ya tiba asili mwaka 2000, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kwame Nkrumah, mjini Kumasi, kikaanza kufundisha shahada ya kwanza ya tiba ya mitishamba. Afrika Kusini, kwa sheria Na. 22 ya mwaka 2007, inawatambua waganga wa mitishamba, waaguzi, wakunga wa jadi na wapasuaji wa jadi, kila kundi kwa nafasi yake, na imempa nafasi hata mwanafunzi anayejifunza chini ya mganga. Zimbabwe ilianza mapema zaidi, kwa sheria ya mwaka 1981. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2019. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu inayohusu tiba asili.

## Kwa anayetaka kujifunza

5. Nitajuaje kwamba chuo kina ithibati ya kweli?

Usiulize chuo peke yake. Chukua jina kamili la chuo na jina kamili la kozi, kisha ulizia kwenye chombo chenyewe kilichotajwa katika jibu la 4. Jina la kozi ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati ya kufundisha uuguzi au famasia kikaongeza kozi ya mitishamba ambayo haijakaguliwa na mtu yeyote.

Kuwa mwangalifu hasa na neno «kimataifa». Ziko taasisi zisizo na mamlaka ya nchi yoyote ambazo huuza vyeti vyenye mihuri ya dhahabu na majina marefu, na mwombaji hugundua siku ya kujisajili kwamba hakuna ofisi inayovitambua. Ukiambiwa kwamba chuo kimepewa ithibati, uliza maswali matatu: na nani, kwa kozi ipi, na mpaka lini. Mwenye ithibati halali hujibu bila kukasirika.

6. Mafunzo yenye viwango hufundisha nini?

Jambo la kwanza ni kuutambua mmea bila shaka yoyote. Mnanaa na mnanaha hutofautiana kidogo mno masikioni mwa mtu mwenye haraka. Mnanaa hutiwa kwenye chai. Mnanaha ni Datura, mmea wenye atropini na skopolamini, sumu zinazoweza kumfanya mtu aweweseke, koo likauke na moyo uende mbio, na kwa mtoto kiasi kidogo tu kinatosha kuua. Jina la kienyeji nalo hubadilika ukivuka bonde: jina lile lile hupewa mti mwingine, na mti ule ule huwa na majina matano. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kutengeneza sampuli kavu ya mmea. Tawi hukaushwa kati ya magazeti chini ya uzito, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu likiwa na ua au tunda lake, na jani moja hugeuzwa ili mgongo wake uonekane. Kwenye kona huwekwa kibandiko chenye jina la kienyeji, jina la kisayansi, mahali, tarehe na jina la aliyechuma. Karatasi moja kama hiyo humaliza ubishi wa saa nzima.

Baada ya utambuzi huja usalama. Dawa kuwa ya asili hakuifanyi iwe salama, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba mitishamba haina madhara hastahili darasa. Mizizi ya Callilepis laureola, inayojulikana kusini mwa Afrika kwa jina la impila, imeua watu wengi kwa kuharibu ini na figo. Mimea ya jamii ya Aristolochia ina asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mwanafunzi anapaswa pia kujua kwamba mgonjwa wa siku hizi huja akiwa na vidonge vya hospitali mfukoni: dawa ya mitishamba inayoshusha sukari, ikiongezwa juu ya insulini, inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na kitunguu saumu kwa wingi kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

La tatu, ambalo mimi ningeliweka mbele ya mengi, ni kujua mpaka wa kazi yako. Degedege ni mfano ambao kila chuo kinapaswa kuufundisha. Kwa muda mrefu wazazi wengi wamempeleka mtoto mwenye degedege kwa mganga kwanza, na mara nyingi hali hiyo ni malaria kali iliyofika kichwani, ambapo kila saa ina thamani. Mganga aliyefundishwa vizuri hampokei mtoto huyo kwa ajili ya matibabu. Anamwandikia rufaa na kuhakikisha kwamba usafiri umepatikana. Ushirikiano wa namna hii unawezekana, kwani mkoani Tanga waganga wa jadi na watumishi wa Hospitali ya Bombo walifanya kazi pamoja katika kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI tangu miaka ya 1990.

Kuna pia utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, usafi wa kukausha na kuhifadhi, vipimo vya dozi na maadili. Uvunaji unaelezwa katika jibu la 10.

7. Nimejifunza kwa bibi yangu kwa miaka mingi. Je, nitaanza upya kama asiyejua kitu?

Haipaswi kuwa hivyo. Ziko njia za kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imezitumia kwa muda mrefu kwa mafundi waashi, maseremala na wengine waliojifunza kazi kwa vitendo: fundi hupimwa, mapengo yake hubainishwa, hufundishwa yale tu yanayopungua, kisha hupewa cheti. Mantiki hiyo hiyo inafaa kabisa kwa mitishamba. Mtu aliyetembea porini na bibi yake kwa miaka kumi na tano atawashinda wakufunzi wengi katika kutambua mimea, ilhali anaweza kuwa hajui kabisa mwingiliano wa dawa wala kuandika rufaa.

Ukitaka kusajiliwa tu kama mganga, bila cheti cha chuo, rudi kwenye jibu la 2.

8. Mafunzo huchukua muda gani, na je, ninaweza kusoma kwa njia ya mtandao?

Kozi fupi za uhamasishaji ni za siku au wiki chache, na shahada kama ile ya Kumasi ni ya miaka, ikifuatwa na mafunzo kazini na mtihani wa baraza la taaluma. Mtandao unafaa kwa nadharia, yaani sheria, maadili, anatomia ya msingi na kusoma makala za utafiti. Haufai kwa kutambua mmea, kwa sababu harufu ya gome lililokwanguliwa na utomvu unaonata vidoleni havipiti kwenye skrini. Kozi isiyo na siku hata moja ya porini au bustanini ikatoa cheti cha mganga wa mitishamba inapaswa kutiliwa shaka.

## Kwa wanaoendesha mafunzo

9. Wakaguzi huangalia nini wanapofika chuoni?

Karatasi kwanza: usajili wa taasisi, mtaala, sifa za wakufunzi, kanuni za mitihani, namna ya kushughulikia malalamiko. Kisha mazingira: bustani ya mimea iliyowekewa vibandiko, chumba cha kukaushia chenye kivuli na hewa, vyombo vyenye vifuniko na tarehe, mahali pa kufundishia kwa vitendo, na mkataba na kituo cha afya kinachopokea rufaa.

Mkaguzi mzuri humchukua mwanafunzi mmoja, bila mkufunzi wake, wakaingia bustanini. Anamwonyesha mmea bila kumtajia jina, anamuuliza ni sehemu gani inayotumika, ni nani asipewe, na atafanya nini mgonjwa akianza kutapika baada ya kunywa. Dakika kumi hizo humwambia mengi kuliko mafaili yaliyopangwa vizuri usiku wa kuamkia ukaguzi, na chuo kinachojiandaa kwa uaminifu kinapaswa kujipima hivyo hivyo kila muhula.

10. Je, uvunaji na uhifadhi wa mimea ni sehemu ya viwango?

Unapaswa kuwa sehemu yake, kwa sababu taaluma inayomaliza dawa zake inajichimbia kaburi. Prunus africana, mti wa milimani ambao magome yake hutafutwa kwa ajili ya tezi dume, umewekwa tangu mwaka 1995 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Wazee wengi walilijua hili bila mkataba wowote. Mzee anayejua kazi yake huchukua kipande cha gome upande mmoja tu wa shina, kirefu kuliko upana wake, kisha hukandika jeraha kwa udongo, na mti ule hauguswi tena mpaka upone. Anayechuna kuzunguka shina zima huukata mrija unaopeleka chakula kutoka majanini kwenda mizizini, na mti hufa ukiwa umesimama. Mtaala unaomwacha mwanafunzi ahitimu bila kuionyesha kwa mikono yake tofauti hiyo una pengo kubwa.

11. Mzee asiyejua kusoma anaweza kuwa mkufunzi?

Anaweza, na chuo kinachomkosa ni maskini. Njia inayofanya kazi ni kumuunganisha mzee na mkufunzi mwenye elimu ya botania au famasia, wafundishe pamoja, mmoja akiushika mmea na mwingine akiandika ubaoni. Sifa za mzee huthibitishwa kwa usajili wake kwenye Baraza na kwa ushahidi wa jamii yake. Awe mkufunzi kamili mwenye malipo na sauti katika kikao cha tathmini. Kumwita mara mbili kwa mwaka apige picha na wageni ni kumdhalilisha. Vivyo hivyo, mitihani ya mdomo na ya vitendo iwepo kwa wanafunzi wasiomudu maandishi marefu.

12. Ithibati inadai mtaala ulioandikwa. Je, tutalazimika kufichua siri za ukoo?

Hofu hii ni ya haki. Ziko koo zilizotoa ujuzi wao kwa wageni wenye kalamu na hazikusikia lolote tena. Ni vyema kutenganisha mambo mawili. Umma una haki ya kujua yale yanayohusu usalama: mmea upi unatumika, una sumu gani, nani asiutumie. Mchanganyiko maalumu wa ukoo, uwiano wake na namna ya kuutengeneza, ni mali ya ukoo, na mtaala unaweza kukamilika kwa kufundisha mimea inayojulikana na wengi bila kuugusa.

Mzee akikubali kufundisha hata mchanganyiko huo, pawe na mkataba wa maandishi uliosomwa kwa lugha anayoielewa, ukieleza nani anaruhusiwa kuutumia, kama utachapishwa, na mapato yatagawanywaje. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu hasa ugawanaji wa haki wa manufaa yanayotokana na rasilimali za kijenetiki pamoja na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo.

13. Tuna cheti cha ISO 9001. Je, hiyo ni ithibati ya mafunzo yetu?

Hapana. Cheti hicho kinahusu mfumo wa kusimamia ubora ndani ya taasisi, na hata kiwanda cha misumari kinaweza kuwa nacho.

## Masuala ya pembeni

14. Je, uaguzi, ramli na mizimu vinaweza kupewa ithibati?

Mafunzo ya mitishamba hupewa ithibati kwa yale yanayoweza kupimwa: mmea, dozi, usalama, rufaa. Dua, ngoma na maongozi ya wahenga ni sehemu ya tiba kwa waganga wengi, na chuo hakina sababu ya kuvidharau wala cha kuvipimia. Ramli chonganishi ni jambo jingine kabisa. Imepigwa marufuku na serikali, imegombanisha ndugu, imesababisha vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na imani zinazokwenda nayo zimewatoa uhai wenzetu wenye ualbino. Hakuna mwanya wa kuijadili kama utamaduni.

15. Nikihitimu, ninaweza kujiita daktari na kutangaza dawa zangu?

Cheo cha udaktari wa binadamu ni cha waliosajiliwa na baraza la madaktari, kwa hiyo jiite mganga, jina lenye heshima yake kamili. Kuhusu matangazo, cheti chako hakithibitishi kwamba dawa yako inatibu. Dawa hupitia njia yake: hupimwa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kusajiliwa na Baraza. Kudai kwamba unaponya kisukari au UKIMWI kabisa ni kumfanya mtu aache vidonge vyake, na anaweza kufa kwa maneno yako.

16. Cheti changu ni cha nchi nyingine ya Afrika. Kitatambuliwa?

Hakitambuliki moja kwa moja. Peleka mtaala uliosomea, matokeo, na barua ya baraza la nchi ulikosomea, ukiwa tayari kupimwa upya katika mimea ya huku. Sharti hilo la mwisho lina busara, kwani bingwa wa misitu ya Ghana anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye nyika za Dodoma.

17. Chuo changu kimepoteza ithibati nikiwa katikati ya masomo. Nifanye nini?

Dai mara moja nakala ya matokeo yako yote na uliandikie baraza lililofuta ithibati, ukiomba maelekezo ya kuhamia kwingine. Kuhusu waliohitimu kabla ya kufutwa, waombe chombo hicho maandishi yanayoonyesha kwamba mafunzo yalikuwa na ithibati wakati ule.

18. Mzee aliyenifundisha amefariki kabla sijamaliza. Je, miaka yangu imepotea?

Haijapotea, lakini fanya haraka kabla kumbukumbu hazijafifia. Andika, au mwombe mtu akuandikie, kila mmea mliochuma pamoja, mahali ulipo na ulitumika kwa nini, na tengeneza sampuli kavu kama zilivyoelezwa katika jibu la 6. Watafute wagonjwa na majirani waliokuona ukifanya kazi ukiwa pembeni yake, uwaombe wakuambatanie ushahidi wao na barua ya mtendaji wa kijiji. Kisha mtafute mganga mwingine aliyesajiliwa, ikiwezekana aliyefahamiana na marehemu, mwende naye kwenye miti ile ile. Pale ambapo maelezo yake yanatofautiana na ya mzee wako, weka alama kwenye daftari na usimpe mgonjwa dawa hiyo mpaka jambo liwe wazi.